Giza Nyuma ya Kukhu

Bokoli, 14 Januari 2007

Mwanangu Phelista,

Pokea salamu za nyumbani. Tuko wazima, ila goti la Kukhu, nyanya yako, linamsumbua kukiwa na baridi. Wewe na kazi ya studio huko Kitale mnaendeleaje?

Ile picha ya Krismasi uliyompiga Kukhu mlangoni pa jikoni imefika. Mbona uso wake umekuwa masizi matupu? Shuka tunaiona, Kukhu hatumwoni. Amenuna, ati ulikuja kupiga shuka picha. Tengeneza nyingine. Jirani yetu Khaemba naye anaitaka, mwanawe Derrick wa kule Bungoma aiweke kwa kalenda ya kanisa.

Kaka yako Hesbon hatujamsikia. Watu wanasema alivuka Uganda tangu wale wenye bunduki walipoanza kumtafuta kule Kapsokwony. Usiulize habari zake kwa simu ya Khaemba.

Ni mimi mama yako.

Kitale, 27 Januari 2007

Mama mpendwa,

Nimefurahi kwamba mnapumua vizuri. Mwambie Kukhu shuka imeomba msamaha. Mimi ni mzima, tena nina maringo, kwa maana Bwana Gichuki mwenye studio amenunua printa yenye wino mweusi na wa kijivu wa aina mbili. Ile ya zamani ilichanganya rangi, na mtu aliyepigwa picha nyeusi na nyeupe alitoka na ukijani kama mgonjwa.

Kosa la picha ni langu. Niliskani negativu, ile filamu ya kamera, kwa biti nane, ambazo zina ngazi mia mbili hamsini na sita tu kutoka nyeusi hadi nyeupe. Ukitia mwanga gizani, ngazi hazitoshi, uso unakatika mabaka. Sasa nimeskani kwa biti kumi na sita. Hizo zina ngazi zaidi ya elfu sitini, na kila kunyanzi la Kukhu limetokea. Faili kama hilo linabeba mambo mengi kwenye giza, kazi ni kuyafungua tu.

Derrick alipita hapa jana, nikampa CD yenye faili lote. Picha yako ataileta Lenah, yule mama wa viazi.

Binti yako, Phelista.

Kitale, 30 Januari 2007

Mama,

Nakusalimu kwa haraka. Picha sijatuma. Barua hii Lenah atakupa mkononi, na ukishaisoma uitie motoni.

Jana nilikuwa najaribu printa, nione kama itatoa weusi wa mlango wa jikoni bila kuufanya doa. Nikafungua giza nyuma ya Kukhu kidogo kidogo. Kikatokea chungu, kisha goti, kisha mtu ameketi na sahani mapajani, anatazama kamera. Amevaa sweta niliyoifuma mwenyewe, ile yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

Bwana Gichuki alikuwa nyuma yangu akiongea na mteja. Nilizima kompyuta bila hata kuhifadhi kazi.

Mama, Derrick ana faili hilohilo. Akilifungua kama nilivyolifungua mimi, ataona. Nifanye nini?

Binti yako.

Bokoli, 1 Februari 2007

Mwanangu,

Barua nimeichoma. Nisikudanganye kwamba sijambo.

Hesbon yuko hapa tangu Novemba. Nilikuficha na wewe, ili ukiulizwa useme hujui na iwe kweli. Alimwona aliyechoma nyumba za majirani zake, ndiyo maana wanamtaka. Siku ile ya picha nilisimama mahali uliposimama wewe, nikatazama mlango, nikaona giza tu. Sikujua kamera ina macho kunishinda.

Juzi Khaemba alikuwa anakunywa chai na wanaume wawili nisiowajua, na nilipopita waliacha kuongea. Nenda Bungoma uchukue hiyo CD. Cheka, fanya mzaha, lakini usirudi bila hiyo CD.

Mama yako.

Kitale, 5 Februari 2007

Mama,

Naomba Mungu barua hii ikukute salama, nyinyi nyote wa nyumba hiyo. Mimi nimerudi mzima.

Nilimkuta Derrick kwa saiba yake, pale anapokodisha kompyuta. Nikamwambia, "Niaje Derrick? Ile CD nilikupatia ni mbovu, bana. Nimekuletea ingine."

"Mbovu aje? Si nilifungua jana nikaona."

Nikauliza, "Uliona nini?"

"Kukhu! Kwani kuna nani mwingine?" Akacheka, nami nikacheka, akanirudishia. Sijui kama alibaki na nakala. Hilo linaninyima usingizi.

Ile niliyomwachia ni ya biti nane. Mlango niliukandamiza kwanza hadi weusi wa mwisho, ndipo nikapunguza biti. Ngazi zilizokuwa pale hazirudi tena, hata mimi mwenyewe siwezi kuzirudisha. CD ya kwanza nimeikata kwa makasi, faili la biti kumi na sita nimelifuta, negativu nimeichoma nyuma ya studio. Sasa lile ni giza kweli.

Binti yako.

Bokoli, 19 Machi 2007

Mwanangu Phelista,

Sisi tungali hai, na leo hiyo ndiyo habari yenyewe.

Walikuja wale wanaomtafuta. Mmoja alikuwa na ile kalenda. Akaipeleka dirishani, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akaweka kidole palepale mlangoni. "Nyuma ya huyu mzee kuna nini?" Nikasema, "Ni moshi wa jikoni, kijana." Kukhu naye akamfokea, ati aache kumnyooshea kidole usoni. Akatazama tena, akaiachilia. Waliingia jikoni wakakuta kuku.

Hesbon alikuwa ameondoka Jumapili, akielekea Malaba, avuke aende kwa mjomba wako Mbale. Kama wangemwona kwenye picha, sidhani wangetuacha. Mkono wako umetuokoa.

Mama yako.

Bokoli, 22 Juni 2008

Mwanangu,

Natumai wewe u mzima. Kukhu anakusalimu, sasa hatoki kitandani.

Mjomba wako amekuja. Hesbon hakufika Mbale, mwanangu, hata siku moja. Mwaka mzima mjomba alidhani tuko naye, sisi tukadhani yuko kwake, wote tukiogopa kutaja jina lake kwa simu.

Kuna watu Bungoma wanaoandika majina ya waliopotea. Wanataka picha. Zake ziliungua na nyumba yake Kapsokwony. Iliyobaki ni ya darasa la nane, wakaikataa, wakasema huyu ni mtoto. Ndipo nikakumbuka ile ya Kukhu. Tafadhali, lifungue tena lile giza, unitumie uso wake.

Mama yako.

Kitale, 6 Julai 2008

Mama yangu,

Sijui nikusalimu vipi leo.

Nimechukua faili la kalenda nikatia mwanga. Nikaongeza mpaka shuka ya Kukhu ikayeyuka kwa weupe, mpaka Kukhu mwenyewe akapotea. Mlango umebaki mweusi. Nimejaribu wiki nzima nikijua hakuna kitu, kwa sababu ni mimi niliyekitoa.

Bwana Gichuki anasema tunaweza kuuchora uso kwa kompyuta. Nilianza, nikafika machoni nikaacha. Naogopa, Mama. Nikikosea watamtafuta mtu mwingine, na mimi nitaanza kumkumbuka huyo niliyemchora.

Nakutumia ile ya mlango mweusi, nimeichapa kubwa. Ukifika kwa hao watu, weka kidole kushoto kwa Kukhu, chini kidogo ya bega lake. Waambie alikuwa hapo, ameketi, na sahani mapajani, ananitazama.

Binti yako, Phelista.