Tundu Lililochorwa Mteremkoni

Boito, 9 Machi 2025

Mpendwa Chebet,

Nakusalimu huko Nakuru. Sisi tu wazima. Ng'ombe wa marehemu nyanya yako amezaa, na ndama bado hana jina, maana aliyekuwa akiwapa majina ni yeye.

Unauliza unyamaze au useme, kwa kuwa fundi wenu hapo gereji anataka paipu ya kurudisha oili ya turbo iingie chini kabisa kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Sema!

Nilipokuwa kijana, fundi wetu mkuu alipapasa sampu ya lori la majani chai upande wa nyuma, ajue oili ya moto imefika wapi, na joto lilipoishia akachora tundu la paipu hiyo. Lakini lori lilikuwa mteremkoni, limeinamisha pua, na oili yote imekimbilia mbele.

Nikasema, "Likisimama tambarare, tundu litafunikwa na oili. Oili ya turbo itashukia wapi?"

"Profesa," akacheka, "shika spana."

Nikashika spana.

Wiki hiyo lori lilifuka moshi wa buluu, wa oili inayoungua, hadi kiwandani. Wakamfukuza dereva, Kiprono, eti ameua turbo kwa kukanyaga ovyo. Kiprono, aliyeendesha kama amebeba mayai! Fundi alisimama akifuta mikono, na mimi kando yake, kimya. Hadi leo damu inanichemka, wala si kwa fundi peke yake. Nilisema mara moja, nikachekwa, nikajiona nimemaliza wajibu wangu.

Oili ya turbo hurudi kwa kushuka tu, haina kinachoisukuma. Wakikucheka, rudia, na dereva wa gari mnalotengeneza awe anasikia.

Unaposali, unikumbuke.

Babu yako