Kibao cha Herufi Nyekundu

3 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, na Mama yuko vilevile: anakula, anacheka, ila kugeuka kitandani bado mpaka nimgeuze mimi. Goti lako je?

Jana afisa wa manispaa aliniletea barua. Hapa ni eneo la makazi, na jirani amelalamika. Nina siku kumi na nne niondoe cherehani sebuleni. Nikipanga chumba cha kazi mjini, nani atamgeuza Mama? Wewe ulizeekea ofisi ya mipango miji. Nisaidie.

Mpwa wako,
Sindano

8 Machi

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Goti linalalamika kuliko jirani yako, lakini tunakwenda nalo. Msalimie sana dada yangu.

Usifungashe kitu. Sheria hiyo naijua, nilikuwa miongoni mwa walioiandika. Haikatazi mtu kufanya kazi kwake. Inauliza tu: ukisimama barabarani, bado unaona nyumba au unaona duka? Na aliye upande wa pili wa ukuta, anapumzika? Basi chumba kimoja kinaruhusiwa, wateja wachache, bila kelele, bila kibao kinachozidi ukubwa wa daftari. Kisha jirani atie sahihi kwamba hana pingamizi.

Sasa nikiri. Kile kibao cha FUNDI SINDANO kilicho getini kwako, kirefu kama mlango, nani alikituma? Mimi. Furaha ya kukuona fundi ilinipofusha nikavunja sheria yangu mwenyewe, tena kwa rangi nyekundu! Kishushe leo. Halafu nenda kwa jirani. Usijitetee, muulize tu kinachomkera.

Mjomba wako

17 Machi

Mwanangu,

Hamjambo? Siku zako ziliisha jana na sijapata neno. Nimekaa nazilaumu zile herufi. Niandikie, hata mstari mmoja.

Mjomba

21 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kimya changu.

Jirani ni yule nesi mstaafu. Alinifungulia amekunja uso. "Umekuja kunigombeza?" "Nimekuja kukuuliza, mama." Akanipeleka chumbani. Mumewe ni mgonjwa, amelala kichwa kikielekea ukuta wetu, palepale nilipoegemeza cherehani ya umeme. "Ukishona," akasema, "maji ya glasi hii yanatetemeka, naye anaamka." Namgeuza Mama kila siku, nisijue kuna mgonjwa mwingine nyuma ya ukuta.

Nilihamishia cherehani upande wa jikoni, nikaiwekea mpira chini ya miguu. Nesi akasikiliza siku tatu nzima, ndipo akatia sahihi, siku ile ya mwisho, ofisi ikikaribia kufungwa. Jana kibali kilifika. Na sasa nikienda kupeleka nguo, yeye ndiye anayemgeuza Mama. "Nimestaafu mimi," anasema, "mikono bado."

Kibao chako sikukitupa. Nimekilaza juu ya meza ya kukatia. Ndani ya nyumba sheria yako haina neno nacho. Nikitandaza kitambaa, herufi zinafunikwa. Nikikiinua, zinarudi, nyekundu vilevile, nami nasema, "Ahsante, Mjomba." Mama ananiitikia kutoka chumbani kwa niaba yako.

Mpwa wako,
Fundi Sindano