Baba Mkwe Anadhani Amplifaya Yake Imepona

Mshauri wetu mpendwa,

Naomba unisaidie, maana jambo hili limenikaa kooni na hapa nyumbani hakuna wa kumwambia. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, na kazi yangu naifanyia hapahapa nyumbani mbele ya kompyuta, nasafisha sauti za masomo ya kusikiliza ya wanafunzi, natoa kikohozi cha mwalimu, natoa mlio wa feni, msomaji akimeza maneno namrudishia. Tunaishi na baba mkwe. Alikuja kwetu mwaka juzi baada ya mama mkwe kufariki, akaja na begi moja la nguo, gitaa lake la umeme, na amplifaya yake, sanduku kubwa zito lenye taa za kioo ndani yake, zile za zamani za kukuza sauti, ambalo amelipigia muziki tangu mume wangu hajazaliwa.

Niruhusu kwanza nimsifu, kwa sababu bila hivyo hutaelewa nimefanya nini. Baba mkwe alikuwa mchapaji wa magazeti siku za kazi na mpiga gitaa wa bendi siku za Jumamosi, na mpaka leo ana vidole vya mtu aliyezoea kupanga herufi, havina haraka. Yeye hapigi noti nyingi. Anapiga moja, anaiacha itembee, na wewe uliye jikoni unasimama na sahani mkononi hujui ulikuwa unaiosha au unaifuta. Nimesikiliza sauti za watu kwa miaka kumi na tano, mshauri, sijasikia mtu anayejua kunyamaza kati ya noti kama yule mzee.

Shida ilianza na ukuta. Jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta ni muuguzi wa zamu za usiku, mchana analala, na amplifaya ya aina ile haitaki kupigwa chini chini, ukiipunguza inakuwa kama mtu mwenye mafua, haina kifua. Baba alikuwa anaiwasha asubuhi, anakwenda kuchemsha chai na kunyoa ndevu mpaka zile taa zipate moto, anarudi anaweka viganja juu ya sanduku kuupima ule moto, anapiga kidogo kwa adabu ya jirani, anatikisa kichwa, anazima. Nikamwambia, baba, mimi naweza kukutengenezea sauti hiyohiyo kwenye kompyuta, kuna programu zinazoiga amplifaya, utapiga mezani na muuguzi atalala. Nikamjaribishia. Kusema kweli ilitoka kama mbu ndani ya kopo. Akanirudishia waya kwa upole, akasema, "Mkwe, hiyo ni picha ya chakula. Mimi nina njaa."

Basi haukupita mwezi, amplifaya yenyewe ikafa. Ilitoa harufu ya kuungua, kimya. Baba hakulalamika, na hilo ndilo lililonitisha, maana mzee huyu hulalamikia hata mkate ukikatwa vipande vinene. Alilitundika gitaa ukutani, akaacha kunyoa ndevu, akawa anakaa dirishani asubuhi nzima akiangalia magari yanavyorudi nyuma kwenye maegesho. Ikapita wiki moja, ya pili, ya tatu. Nikalipeleka sanduku kwa fundi, naye akaniambia koili kubwa ya umeme imeungua na kifaa cha namna hiyo hakipatikani tena, nikae nalo kama pambo.

Sikuweza kurudi na jibu hilo. Nikamwambia baba fundi ameahidi, awe na subira, kisha nikaingia kazini kweli kweli. Nilichukua kaseti ya bendi yao ya zamani, nikaisikiliza mpaka nikaijua kila pumzi, na kila nikimaliza masomo ya wanafunzi nilikuwa naitafuta sauti ile kwenye programu. Nilikosea mengi. Nilijaza mkwaruzo nikidhani ndio utamu, kumbe ulikuwa unaziba vidole vyake. Nilizungusha besi na trebo wiki nzima bure, mpaka nikagundua kwamba nusu ya sauti ya gitaa haiko kwenye amplifaya, iko kwenye spika na mahali ilipowekwa maiki mbele ya spika. Kwenye ile programu nikaisogeza maiki kutoka katikati ya spika mpaka pembeni, nikapunguza mngurumo wa chini kabisa na ukali wa juu kabisa, na ghafla mbu akatoka kwenye kopo akaingia mtu. Niliinuka kwenye kiti.

Hapo ndipo nilipokosea, mshauri. Badala ya kumwita nimwonyeshe, nilikumbuka yale maneno ya picha ya chakula, nikarudi kwa fundi. Fundi alicheka, kisha akakataa, kisha akakubali. Tulitoa spika ya zamani tukaweka spika yangu ndogo safi ndani ya sanduku, nyuma ya kile kitambaa cha mbele, tundu la gitaa likaunganishwa na waya mwembamba unaopita chini ya meza yangu mpaka kwenye kompyuta, na mwingine wa kuirudisha sauti kwenye spika, na taa nyekundu ya mbele fundi akaifanyia ujanja ikawaka. Zile taa za kioo ziko ndani mulemule, zimekufa. Nikamwambia baba, amplifaya yako imepona.

Alichomeka gitaa. Akapiga noti moja, akaiacha. Akainamisha kichwa muda mrefu mpaka nikaogopa, kisha akasema, "Hii ndiyo yenyewe." Mimi nikakimbilia jikoni nikalia, nusu furaha na nusu aibu, na aibu ndiyo iliyobaki.

Sasa ni wiki ya nane. Mzee ananyoa ndevu, anapiga kila siku, sauti ya kadiri ya watu wanaozungumza tu, na muuguzi analala. Siku hizi hata hapotezi muda, anaamka, anakuja na kikombe chake cha chai, anawasha, anakaa, anaanza papo hapo. Nimezoea kufanya kazi zangu akiwa nyuma yangu. Mara nyingine anasema peke yake, "Leo besi imezidi kidogo," anaondoka kwenda kunywa maji, nami napunguza haraka haraka kwenye kompyuta kabla hajarudi, kwa sababu najua anazungumza na amplifaya yake kama alivyozoea tangu zamani. Akirudi anapiga, anaridhika. Na kwa kila anayepita hapa anasema, mkwe wangu ndiye aliyeifufua. Ananisifu mbele ya watu, mshauri, mpaka natamani sakafu ifunguke.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Wenzake wa bendi, waliobaki wanne, wamepanga kukutana Jumamosi ya wiki tatu zijazo wapige tena katika ukumbi wao wa zamani, na familia zao zimealikwa. Baba amewaambia anakuja na amplifaya yake ileile. Sanduku hilo likichomekwa pale bila kompyuta yangu halitatoa hata mguno. Mume wangu nilimwambia kwa simu, akasema nisimwambie mzee, nitafute namna ya kuificha kompyuta nyuma ya pazia. Mimi naogopa. Nikimwambia ukweli ataona nimemfanya mtoto, atalitundika gitaa ukutani na safari hii hataliteremsha. Nisipomwambia ataumbuka mbele ya wenzake. Nifanyeje?

Ni mimi,
Mkwe wa Mzee wa Gitaa

MSHAURI ANAJIBU

Mkwe wa Mzee wa Gitaa, nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikikusikitikia, ya pili nikicheka, na nitakueleza kwa nini nimecheka. Lakini acha nianze na sifa, kwa sababu unastahili na naona hujajipa. Wewe umekaa mbele ya kompyuta, hujui kupiga gitaa hata kidogo, ukaitafuta sauti ya mtu kwa sikio tu mpaka ukaipata, na mwenye sauti akasema ndiyo yenyewe. Mimi niliolewa na mpiga gitaa, Mungu amrehemu, nikambebea amplifaya yake ngazi kwa ngazi miaka ishirini na mbili mpaka mgongo huu ukawa na maoni yake. Najua watu hawa walivyo. Hawaridhiki. Kumridhisha mmoja wao kwa spika ndogo na waya chini ya meza, bibi, hiyo ni kazi ya kuvuliwa kofia.

Sasa nikugombeze. Wewe unalipwa kusikia kikohozi cha mwalimu kwenye somo la dakika arobaini, lakini mzee amekaa nyuma yako wiki nane anakwambia jambo, hujamsikia.

Amplifaya za taa za kioo haziimbi papo hapo. Lazima zipate moto kwanza, ndiyo maana baba mkwe wako alikuwa anawasha, anachemsha chai, ananyoa, anarudi kupima kwa viganja. Umeyaandika wewe mwenyewe kwa mkono wako. Halafu ukaandika kwamba siku hizi anawasha na kuanza hapo hapo, na viganja juu ya sanduku hujavitaja tena. Unadhani mtu aliyefanya jambo moja kila asubuhi kwa miaka zaidi ya arobaini ameliacha kwa uvivu? Sanduku lake siku hizi ni baridi, mwanamke. Nina hakika aliligusa siku ya kwanza kabisa, pale alipoinamisha kichwa ukaogopa.

Na ile besi! Vitufe vya besi vya sanduku viko mbele ya goti lake, angeweza kuvizungusha mwenyewe. Mzee anasema besi imezidi, anainuka anakwenda kunywa maji, anakuachia nafasi uirekebishe, anarudi anaendelea. Hazungumzi na amplifaya. Anakuagiza wewe, kwa heshima, bila kukuumbua. Hapo ndipo nilipocheka, kisha nikafuta macho, kwa sababu baba mkwe wa namna hiyo ni wachache.

Siwezi kuapa. Sijamwona, na huenda umri umemsahaulisha moto wa taa. Lakini usilitumie jibu langu kama mahali pa kujificha, ukasema ah, kumbe anajua, basi yamekwisha. Hayajaisha. Kama anajua, basi kila siku unayonyamaza unamtwisha mzee uongo wako aubebe pamoja na gitaa, na kila anapokusifu mbele ya wageni anakufungulia mlango uingie useme, nawe unaangalia sakafu. Kama hajui, atajua kutoka kwako, mkiwa wawili, au atajua ukumbini mbele ya wenzake, gitaa likiwa begani na watu wote wamenyamaza kumngoja. Chagua.

Ushauri wa mumeo wa pazia, mwambie nimeusikia na aendelee kuendesha lori.

Fanya hivi. Asubuhi moja wiki hii, si wiki ijayo, fungua ubao wa nyuma wa lile sanduku na uuache wazi. Geuza kompyuta imwelekee yeye. Akija na chai yake, mwambie kwa maneno machache: baba, amplifaya yako haikupona, nilikudanganya kwa sababu niliogopa utaacha kupiga, nisamehe. Usilie wakati huo, utamfanya aanze kukubembeleza wewe badala ya kusikia. Na sikiliza vizuri: omba radhi kwa uongo, usiombe radhi kwa sauti. Sauti uliitengeneza kwa uaminifu. Akikasirika, mwache akasirike siku mbili, ni haki yake na ni afya.

Halafu mwonyeshe. Maiki iko hapa, nikiisogeza inakuwa hivi, mkwaruzo uko hapa. Mpe kipanya cha kompyuta akishike mwenyewe. Mtu aliyepanga herufi maisha yake yote hawezi kushindwa na vitufe vya kwenye kioo cha kompyuta, na nakuhakikishia ndani ya saa moja atakwambia ulipokosea.

Suala la Jumamosi aamue yeye, sanduku ni lake na wenzake ni wake. Anaweza kusema ukweli, anaweza kuwatania mpaka wimbo wa tatu ndipo aseme, wanaume hao wanajuana. Ila akiamua kwenda na sauti yako, msiibebe ilivyo. Uliipanga mezani, kwa sauti ya watu wanaozungumza, na kwa sauti ndogo sikio halisikii besi vizuri, kwa hiyo bila kujua umeijaza. Ukumbini ikipandishwa itanguruma mpaka vikombe vitembee. Ombeni kuingia pale siku moja kabla, yeye apige, wewe usimame mwisho kabisa wa ukumbi, mpunguze besi mpaka yeye atosheke. Na spika yako ndogo iache nyumbani, unganisha kompyuta kwenye spika za ukumbi.

Unasema unaogopa kwamba akijua ataacha kupiga. Mimi naona anajua kwa wiki nane sasa, na kila asubuhi ameamka, amenyoa ndevu, amekuja kuketi nyuma yako. Mwambie.