Nilikohoa Kweli, Darasa Zima Likafeli

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba uniwahi kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa mtoto wa watu anafukuzwa chuo kwa sababu ya mafua yangu.

Mimi ni mama wa makamo, mzima wa afya, na kazi yangu ni kuumwa. Usicheke. Chuo cha udaktari kinanilipa nilale kitandani wakati wa mitihani, niigize ugonjwa nilioelekezwa, mwanafunzi aingie anihoji na kunipima, na mwalimu akae pembeni na ubao wake wa kuandikia akitoa alama bila kusema neno, na kazi hii naipenda kuliko mume wangu anavyozipenda baiskeli anazotengeneza, ingawa tangu niianze, nikimwambia mgongo unauma ananijibu, "Hongera, leo umeweza kweli."

Sasa kuna kijana mmoja tunamwita Bwana Samahani, kwa sababu haweki kidole bila kuomba radhi, mara samahani mama nakugusa tumbo, mara samahani mkono wangu wa baridi, na kijana huyu akiwa nje kwenye benchi anakueleza magonjwa mpaka unayaogopa, ila akiingia ndani akauona ule ubao wa mwalimu, mdomo unamkauka, anasahau hata kulia na kushoto. Mtihani wake wa kwanza alisimama tu ananitazama, machozi yanamlengalenga, nikamwonea huruma nikakohoa kidogo, akasema "mapafu", akafaulu, na hapo ndipo nilipoanza kujikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, maana kikohozi kilizaa ndugu zake: kukohoa ni mapafu, kuzungusha pete ni moyo, kutikisa kidole gumba cha mguu ni kidole tumbo, na siri ya watu wengi haifichiki, kufumba na kufumbua darasa zima likawa haliniulizi tena naumwa nini, linanikodolea macho miguuni.

Wiki iliyopita nikapewa kuigiza kidole tumbo, na siku hiyo nilikuwa na mafua, mafua ya kweli, na muuguzi kwa wema wake akanifunika blanketi zito mpaka nyayoni akalichomeka chini ya godoro, kwa hiyo kidole kinatikisika huko chini hakuna anayekiona, na huku juu nakohoa hadi kitanda kinalia, anaingia mwanafunzi nasema "daktari, tumbo linaniua," nakohoa, anasema mapafu, anaingia mwingine, mapafu, wa tatu hakufika hata kitandani, alisikia akiwa mlangoni akasema mapafu, mpaka mwalimu akavua miwani akaifuta akaivaa tena.

Aliyenimaliza ni Bwana Samahani. Aliweka mkono pale penyewe hasa, nikaruka kama nilivyofundishwa, akaninong'oneza, "Samahani mama, mbona hiki kama kidole tumbo?" nikafungua mdomo, kikohozi kikaniwahi, akanitazama kwa huzuni, kisha akasema kwa sauti, "Mapafu."

Wenzake watarudia mtihani huo mmoja tu, lakini yeye kwenye kitanda cha pili alikuta mdoli wa plastiki, na mdoli hana huruma, nasikia alimwomba samahani akasubiri ajibiwe mpaka muda ukaisha, akafeli na huo, na aliyefeli miwili harudii. Chuo kina mwalimu wa kuwasaidia wanaoyumba tangu mwanzo wa mwaka, ila yeye hakuwahi kupelekwa kwa sababu alama zake, yaani zangu, zilikuwa nzuri, na sasa walimu wanasema kijana amelewa sifa, amekuwa mvivu, Ijumaa wakikutana aende kwao. Mume wangu ananiambia, "Mama watoto, unalipwa kuumwa, hulipwi kufundisha, nyamaza." Nikisema, kazi yangu imekwenda. Nikinyamaza, udaktari wake umekwenda. Nifanyeje?

Mgonjwa Mzima


Mgonjwa Mzima,

Nimecheka mpaka chai ikanipalia, na nilipokohoa, mhariri wangu, ambaye alikuwa ameshaisoma barua yako, akasema, "Mapafu." Sasa tuache kucheka, maana umenikasirisha.

Una moyo mzuri, dada yangu, lakini huo moyo uufunge kamba. Ulimwona mtoto anazama, badala ya kupiga kelele ukawa unamshika kidevu kila mtihani, walimu wakadhani anaogelea. Huyo mwalimu wa kuwasaidia wanaoyumba angemjuaje, na wewe umemfunika kijana blanketi zito kuliko lile la muuguzi? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kingekuwa cha mgonjwa wa kweli, anayeumwa kweli, ambaye hana habari ya kutikisa kidole.

Mumeo kasema kweli nusu. Hulipwi kufundisha, lakini hata kunyamaza hulipwi.

Leo hii, ukimaliza kusoma gazeti hili, nenda kwa yule mwalimu wa ubao. Usilie na usiigize, tafadhali sana usiigize. Mtajie kikohozi, pete na kidole. Halafu mwambie lile jambo ambalo chuo kizima unalijua wewe peke yako: kwamba kijana aliupata ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe, akauacha kwa kuwa ameshazoea kuamini kikohozi chako. Mvivu hafanyi hivyo. Kijana huyu vitabu anavijua, anachokiogopa ni kutazamwa, na woga una dawa yake kwa yule mwalimu wa kusaidia. Waombe wampeleke huko kabla ya kumpeleka kwao. Watakufokea, na huenda wakakutoa kazini. Ikiwa hivyo, kubali, umeyataka.

Wakikubakiza au wasikubakize, mwalike kijana nyumbani. Lala kwenye kochi. Mumeo akae pembeni ameshika ubao wowote, hata wa kukatia mboga, anune, asiseme neno. Kwa majibu anayokupa, kununa hakutamshinda. Kijana akupime mbele yake, tena na tena, mpaka woga uchoke wenyewe. Akikosea, akosee. Ile samahani yake msimwondolee. Mimi daktari wangu hajawahi kuniomba radhi kwa mkono wake wa baridi, na ningependa aniombe.

Ukiwa na mafua, usiende kazini.

Na siku wakikuita tena kitandani, akaingia, ukamwona mdomo umemkauka, moyo utakuuma kuliko ugonjwa wowote uliowahi kuigiza. Vumilia. Akikuuliza, "Samahani mama, unaumwa wapi?" mwambie unaumwa wapi, halafu ulale kimya umwache awe daktari.

Mshauri