Patron, nimepakaa paa yetu matope

Patron,

Usikasirike juu ya karatasi. Ni ya mufuko ya simenti, nimeikunguta muzuri. Kalamu ni yako, ile nyekundu ya seremala ulikuwaka unaweka nyuma ya sikio, kisha unaitafuta mu atelier muzima, karakana yote, ukisema Redio, jina ulinipa juu ya kelele yangu, ameiba. Leo sikuiba. Bibi yako, Mama Kavira, amenipa yeye mwenyewe.

Ni siku ya Mungu. Mama na batoto bako ku kanisa, nasikia chorale mupaka hapa. Miye nimebaki kulinda. Nimekaa juu ya meza ya kazi nakuandikia, juu miye nilifika cinquième primaire, darasa ya tano, na mu avenue yetu hakuna apprenti mwingine wa ufundi anaandika kama miye. Unaona, nimeanza. Kifo yako haikuniponyesha majivuno.

Mais kuko habari moja siwezi kuambia mutu mwingine. Ikitoka mu kinywa yangu, tumekwisha. Donc nakuambia weye, juu weye hutaenda kunisemea ku soko.

Atelier yetu imesimama, Patron.

Imesimama muzuri, nguzo ku nguzo. Lakini ukipita mu barabara leo utatema mate. Utaona kibanda ya matope, ya mbuzi, na utasema huyu Kakule nilimufundisha miaka mitatu bure. Ngoja nikuelezee mbele uanze kunitukana. Na niandike haraka, juu mawingu iko inapanda upande wa Lubero, na siku hizi mawingu inanitisha kuliko bunduki. Hapana, nadanganya. Bunduki inanitisha zaidi. Ile pia ni weye tu naambia.

Ulienda Beni kutafuta mbao, ukasema utarudi siku ya ine. Siku ya ine ulirudi, umelala juu ya mbao zako mu camion, shoferi akilia kama mutoto. Risasi ya mu barabara, balisema. Ya nani, hakuna anajua. Pale sitaandika zaidi.

Sanduku yako nilitengeneza miye. Bazee ba familia balitaka fundi mukubwa, nikasema hapana, Patron ni wangu. Na nikakosea. Mètre ya kupimia ilikuwa mu mukono, lakini mukono ilikataa kukugusa. Nikapima na akili tu. Na mu akili yangu weye ulikuwa murefu kama nguzo ya umeme. Ile sanduku ilikuwa inaweza kulaza weye na nusu ya kaka yako. Bazee bakaangaliana. Nikatengeneza ingine asubuhi ile ile, misumari mu meno, machozi ku rabot ya kulainisha mbao. Ile ya kwanza ikabaki mu kona ya atelier.

Haikupita mwezi, basoda, askari wa vita, bakaingia mu atelier. Ba upande gani, usiniulize, mu vita hii banabadilisha jina kuliko shati. Balikaa mupaka mvua kubwa ikaisha. Chef wao alipenda pia nyumba ndogo ya nyuma, donc Mama na batoto bakatolewa, bakaenda kulala mu kibanda ya maharagwe ya jirani. Mutoto mudogo alikohoa, akakohoa, mupaka nikaanza kuogopa batanituma kutengeneza sanduku fupi. Alipona. Nilimubeba mu mugongo avenue muzima nikipiga kelele kama muchuuzi wa samaki, na yeye akinivuta masikio.

Siku balienda, baling'oa mabati ya paa, bakaibeba ku kichwa. Milango balikuwa bamekwisha choma, madirisha pia, meza yako, mupaka mikono ya rabot, yote kupikia maharagwe. Kitu moja tu habakugusa: ile sanduku ndefu. Batu ba bunduki, balilala kando yake ile miezi yote, bakaizunguka kama nyoka.

Mama akasimama mu kati ya kuta, jua inamupiga ku kichwa, akaniambia: «Kakule, bakirudi tena, miye na batoto hatuna tena pa kwenda. Na kama atelier haifanye kazi, nitabalisha nini?» Nikajibu ni kitu kidogo, Mama, wiki moja. Unanijua. Ile wiki moja ilianza tulipopanda maharagwe, ikaisha tulipovuna.

Nguzo ine zilikuwa zimeliwa na muchwa mupaka ndani. Unazigonga, zinajibu kama debe. Nikaanza na ile ya pembeni, nikaing'oa bila kutegemeza boriti ya juu. Nilikuwa naimba, Patron. Boriti ikashuka. Ilipita hapa, karibu na sikio, nikasikia upepo yake. Ikapiga chini, vumbi, na mu ile vumbi nikasikia sauti yako: Redio, punguza! Nikakaa chini.

Vumbi ilipotulia, nikaona maandiko. Ku upande wa juu wa boriti, ule unafunikwaka na mabati. Kalamu yako. Jina yako, na chini: Mvua imetukatia kazi. Leo Kavira amezaliwa.

Nikakumbuka siku nilikuuliza juu ya nini unaandikaka pale hakuna mutu atasoma. Ukasema, «Mbao inasoma.» Nilikucheka siku tatu. Nilisema miye nikikuwa fundi, jina yangu itakuwa mbele, na rangi nyekundu, na mushale. Nikamwita binti yako Kavira, nikamusomea. Akanifanya nisome mara ine. Kisha akauliza kama ile mvua ilikuwa kubwa.

Sikutupa boriti. Nikakata tu mwisho ule ulioza, nikaunganisha na mbao ya Beni, ile ulilala juu yake, jirani alikuwa ameificha. Nikakata zote mbili mushazari, zikalaliana, nikafunga na vijiti vya mbao vile ulinifundisha. Sikiliza muzuri: pale zinakutana, wembe haipite. Nilijaribu. Wembe haipite, Patron! Weye mwenyewe mara ingine ilikuwa inapita, usinitazame vile.

Halafu kaka wa Mama, ule wa Lubero, akatuma mabati. Zilifika chini ya mifuko ya viazi, juu basoda ba kila kizuizi mu barabara bangezitaka. Mabati mapya! Uso yako unaiona ndani. Nikapigilia siku tatu. Nilipomaliza ya mwisho nikasimama ku ncha ya paa, nikapiga miluzi mupaka imbwa ya avenue ikajibu. Nikashuka, nikaenda ku soko, nikaambia bamama ba unga, bafundi ba viatu, kila mutu mwenye masikio: muende muone, muone kazi ya Redio.

Pale ndipo nilikosea kuliko sanduku, na kuliko boriti.

Jua ya saa kumi ilipiga ile paa, na ile paa ikarudisha jua mupaka ku kilima ya mbele, pale basoda bapya bamefanya kambi. Mu quartier yote, nyumba moja tu ilikuwa inang'aa. Ni kama niliwaita na taa.

Kesho yake saa tano nikasikia bottes, viatu vya basoda. Soda moja, kijana, labda mudogo wangu kwa umri, bunduki inamupita urefu. Akashika mulango wangu mupya, akaufungua, akaufunga. Akauliza na Lingala: «Petit, nani atongi ndako oyo?» Nani alijenga hii nyumba? Na miye, mujinga, moyo ikaruka ya furaha mbele ya woga kufika. Kinywa ilikuwa imeisha funguka kusema ni miye. Kisha nikaona miguu yake. Alikuwa anatembea ukuta ku ukuta, pole pole, anahesabu hatua na midomo. Anapima batu wangapi batalala. Akasema, «Lobi nakoya na chef.» Kesho nitakuja na chef.

Akaenda. Mama alikuwa amesikia yote nyuma ya ukuta. Hakulia. Alinitazama tu, akasema: «Kinywa yako itatulaza inje, Kakule. Panda ukaharibu.»

Patron, kujenga ni kazi. Kuharibu kazi yako mwenyewe, ile ni nini, ulikuwa hujanifundisha. Mama akachanganya udongo, majivu na mavi ya mbuzi mu brouette, ile toroli yetu, miye nikapanda na ndoo, nikapakaa mabati yangu moja moja, na mikono. Nilikuwa naogopa ku kila pande: nikiinua kichwa kambi inaniona, nikiinamisha naona uso yangu mu bati, nayo naifunika. Kavira alinipitishia mawe niweke juu, kama paa ya masikini. Nikang'oa mulango, tukauficha chini ya maharagwe. Nikainua ncha za bati mbili za mbele, zile za inje ya ukuta, nikaziacha zinaning'inia. Jirani akatuazima mbuzi sita. Wale habakuhitaji kufundishwa kazi.

Asubuhi soda akarudi na chef, mutu munene wa sauti ndogo, na bengine bane. Chef akatazama paa. Akatazama tundu pale mulango ilikuwa. Mbuzi moja ikatoka, ikamukojolea karibu na bottes. Akaingia. Nikamufuata, nikataka kusema bonjour chef, na sauti haikutoka. Miye! Redio! Betri ilikuwa imekwisha.

Akaona sanduku ndefu. Siku hizi naweka ndani misumeno na nyundo. Akarudi hatua moja nyuma.

«Hii ni ya nani?»

Nikasema kweli, juu akili haikuwa na nafasi ya uongo. «Ya patron wangu, chef. Nilikosea kipimo. Ikakuwa ndefu.»

«Ulikosea kipimo ya mufu?» Akanigeukia mwili muzima. «Mufu hata hatembei!»

Na akacheka. Alicheka mupaka akashika nguzo, ile ya pembeni, nguzo yangu, na nguzo haikutikisika hata kidogo, na hakuona. Akamwambia yule kijana: «Umenishusha kilima juu ya kazi ya huyu zoba, huyu mujinga? Hii paa itatuangukia mbele majani ya sombe iive mu chungu.» Bakaenda bakicheka.

Donc ile kipimo mubaya, ile haya nilikuwa nayo tangu siku ya mazishi yako, ndiyo ilituokoa. Mama na batoto balilala mu nyumba yao. Banalala pale mupaka leo.

Mais haikuisha, Patron. Hapa Butembo unajua mvua yetu. Karibu kila mangaribi inashuka, inasafisha matope yote, na jua ikitoka nyuma yake, paa inawaka tena. Donc kila mvua ikisimama, miye niko juu na ndoo. Nimeanguka mara mbili. Nikisikia bottes mu barabara natoka jasho ku miguu, ulikuwa unajua miguu inatokaka jasho? Mama anasema nimekonda, nimekuwa redio ya mufukoni. Nafanya kazi ndani, kimya, naweka majani chini ya nyundo: viti, meza, jembe za kutia mipini. Batu banakuja nyuma, kupitia mu shamba ya ndizi. Na batoto ba avenue bananiimbia: fundi wa matope, fundi wa matope. Juzi bamama bale bale ba unga balicheka, bakaniuliza ile paa yako ya kutushangaza ilienda wapi?

Nikasema, mama, nilidanganya. Unajua namna gani ile neno iliniuma?

Ndiyo juu yake nakuandikia. Mutu moja ajue. Matope ni ya basoda. Chini ya matope, Patron, misumari iko mu mustari moja, niliipima na kamba. Maji haingie hata tone. Boriti yako iko ku nafasi yake, na ku upande wa juu, kando ya jina yako, nimeandika yangu. Kidogo. Bila mushale. Chini yake: Leo hakuna mutu alikufa. Hii barua nitaisukuma pale, kati ya boriti na bati. Mbao itasoma.

Chorale imenyamaza. Matone inaanza kupiga juu, sikiliza, inapiga muzuri, ku bati mupya inapiga kama ngoma. Ikiisha napanda. Naogopa, Patron. Napanda tu.

Wasingya, asante kwa yote, hata kwa makofi. Lala mu sanduku yako ya kipimo. Ndefu nitailinda, iko na kazi. Mama na batoto pia nitabalinda, na ile siyo majivuno, ni neno nakupa.

Na ingine nakupa: siku vita itaisha, mvua itanyesha na sitapanda. Nitakaa chini na Kavira, nitaacha maji isafishe yote. Kaburi yako inatazama huku, nilipima, ile nilipima na mètre kweli. Siku ile kitu ikikuumiza macho kutoka avenue yetu, usiulize batu ni nini. Ni miye.

Mbele ya ile siku, nimepunguza sauti.

Kakule, Redio yako