Kuku Wanaotaga Majanini

Mjukuu wangu Anziza,

Salamu zikufikie huko Mahajanga, wewe na mumeo. Sisi hapa Ambanoro wazima, ila magoti yamenichosha, na babu yako siku hizi hulala kutwa.

Unauliza kwa nini kuku wako wanataga majanini, na masanduku uliyowawekea wanayapita tu. Kuku wa mama yangu walifanya vivyo hivyo, mwaka tuliohamia hapa kutoka Mahajanga baada ya zile fujo zilizotufukuza. Habari za fujo niache, sina nguvu nazo. Mama alikuwa haongei tena. Alikaa mlangoni tu, akiitazama njia.

Jirani yetu Msakalava, Mama Soa, akamwambia kwa Kimalagasi, "Dada, wafungie mpaka jua lipande. Weka nyasi kavu sandukuni, mahali penye kivuli, uwaachie yai moja humo. Kuku hutaga pale anapoona yai limekaa salama."

Mama akafanya hivyo. Kila asubuhi alikaa kando ya banda akifukuza mbwa. Siku moja nikamsikia akiita kwa sauti niliyokwisha kuisahau: "Zaina! Njoo uone, ametaga!"

Basi nawe jaribu hivyo, na usiwaharakishe.

Siku chache baada ya yai lile tulikuwa tunatoka sokoni Hell-Ville, mama akanishika mkono. "Nimechoka, mwanangu," akasema. "Twende nyumbani."

Hadi siku ile, "nyumbani" kwake kulikuwa Mahajanga tu. Nilimshika vizuri, tukaifuata njia ya Ambanoro polepole.

Akuombeaye heri,
Bibi yako Zaina