Ukuta wa Bwana Taibali

Mombasa, Mji wa Kale
Jumatano, baada ya laasiri

Kwa dada yangu Mize binti Hamadi, Kojani, Pemba

Assalaam alaykum. Shikamoo, dada. Kabla ya yote nataka habari ya mguu wako. Uliniandikia kwamba ulijikata kwa chaza ulipokwenda kuchokoa pweza, ukaongeza kuwa si kitu. Kwako wewe si kitu hata nyumba ikiungua. Tafadhali uukande kwa maji ya moto na chumvi, na shemeji akuzuie kwenda pwani mpaka upone. Mwenyewe shemeji hajambo? Na Mama, kile kikohozi kimempa nafasi ya kulala? Mimi ni mzima, nakula vizuri, na nimezidi weusi kuliko ulivyoniaga, kama hilo lawezekana.

Najua umenikasirikia. Niliapa kuandika kila mwezi, na hii ni miezi mitatu sijatia kalamu kwenye karatasi. Sababu ni aibu. Nilikuwa na habari moja tu, tena mbaya, na sikutaka isomwe mbele ya Mama. Sasa imegeuka, ndiyo maana nimekaa na kalamu tangu adhuhuri na chai yangu imepoa.

Unakumbuka nilivyotoka kwetu kwa kishindo. Nilisema nimechoka na nyavu, nakwenda Mombasa kujifunza kuvua kwa mshipi katika maji makuu. Basi nilipofika nilipata bahati, nikachukuliwa na Nahodha Shee. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, mpole, hana mtoto wa kiume. Ana mashua ndogo ya watu watatu: yeye, mpwa wake Saidi mwenye ulimi wa wembe, na mimi. Tunatoka alfajiri bandari ya kale, tunapita mlangoni, tunavuka pale mawimbi yanapovunjika, kisha tunaendelea kwenda nje mpaka minazi ya pwani ionekane midogo kama nyasi. Siku ya kwanza nilitapika hata jina langu, lakini hilo usimwambie mtu.

Huko nje, chini kabisa, pana jabali. Nahodha ameliita Jikoni, kwa kuwa kabla ya hivi vita vya Wazungu hakupata kutoka pale bila ya kitoweo. Vita vilipoingia hakuthubutu kwenda mbali, miaka yote ile akawa anavua ndani ndani tu. Mwaka huu ndio amerudi kulitafuta jabali lake, na baharia wake mpya ni mimi.

Sasa nikueleze jinsi jabali linavyotafutwa, maana shemeji ni mtu wa nyavu kama nilivyokuwa mimi, na haya hayajui. Nahodha hana dira. Ana alama mbili za nchi kavu, moja ya mbele na moja ya ubavuni, na zinapokutana ndipo hutupa nanga. Alama hizo ni mali kuliko mashua yenyewe. Mtu humwachia mwanawe kama anavyomwachia shamba la mikarafuu, na baharia haulizi, hata akae chomboni miaka kumi. Tukikaribia, Nahodha Shee hutuambia tugeuke tutazame mashariki, tuipe bara mgongo, mpaka asikie nanga imegusa chini. Atakayegeuka huitwa mwizi wa mwamba, na pwani hii jina hilo ni baya kuliko mwizi wa kuku.

Mimi sikugeuka. Wallahi sikugeuka. Lakini sikio halina pazia, na mzee ana tabia ya kusema na alama zake. Huziita kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwita mtoto mwenye haya, na watu wa hapa njoo huiita ndoo: "Ndoo, mweupe, ndoo karibu. Ishike Ngome. Hapo hapo." Saidi hudhani mjomba wake anasoma dua. Mimi nikajua, bila ya kutaka kujua, kwamba alama ya mbele ni ukuta mweupe wa nyumba fulani ya hapa ukingoni, unaposhikana na pembe ya Ngome. Ya pili hakuitaja hata siku moja.

Safari ya kwanza tulirudi na changu watatu. Ya pili tulirudi na papa mmoja mtoto. Ya tatu tulirudi na chambo chetu wenyewe. Saidi akaanza kunung'unika. Mwanzo aliusema upepo, kisha akayasema makasia, mwisho akanisema mimi. Alisema Jikoni palilisha mtaa mzima kabla ya vita, na mashua ni ile ile, nahodha ni yule yule, kilichozidi ni Mpemba mmoja. Neno likashuka pwani nami, dada, na barazani watu wakaacha kunisogezea nafasi nikae. Nahodha alinitetea mara mbili. Mara ya tatu hakunitetea, akasema kwa upole kwamba maji mafu yanayokuja, siku zile mkondo unapopoa na mshipi ukashuka wima, ndiyo ya mwisho. Tukirudi patupu, nitafute chombo kingine.

Chombo kipi? Jina la nuksi halikati tiketi, lingefika Kojani kabla yangu. Hakuna ambaye angenipandisha hata kwenye mtumbwi wa kuvushia mbuzi. Nilikonda mpaka kanzu ikawa ya mtu mwingine.

Lakini jambo moja lilikuwa likinikera. Kila nikipandisha mshipi, chambo kilikuja na punje za mchanga. Penye jabali chambo huja na alama za meno, au hakiji kabisa kwa kuwa ndoana imenasa kwenye jiwe. Tulikuwa tunavua jangwani, na mzee akiamini yuko Jikoni.

Jumatano ya wiki iliyopita nilikwenda kununua ndoana kwa Bwana Taibali, Mhindi mwenye duka la kamba na misumari hapa ukingoni mwa bandari. Amezaliwa mtaa huu huu, na Kimvita chake kinapita changu mara kumi. Siku hiyo alikuwa na dhiki ya mkewe. Bibi amechoka kukaa katika nyumba yenye rangi ya matope. Nikamwuliza nani aliipaka rangi hiyo. Akasema ni yeye mwenyewe. Nyumba yake ilikuwa nyeupe kuliko zote za ukingoni, mabaharia wakiitambua kutoka nje, lakini vita vilipoanza aliogopa ndege zisije zikailenga, akaupaka ukuta udongo mwekundu uliochanganywa na masizi. Ndege hazikuja. Vita vimekwisha, na yeye hajapata mtu wa kumpakia chokaa. Na kama hayo hayatoshi, jirani wa nyumba ya nne kutoka kwake alimwoza binti yake mwaka jana, akaipaka nyumba yake chokaa mpya kwa ajili ya harusi, na mkewe Bwana Taibali huiona kila akifungua dirisha.

Dada, niliziacha ndoana zangu mezani nikatoka nje. Nilisimama ukingoni nikazitazama zile nyumba mbili, moja ya matope na moja ya maharusi, na pembe ya Ngome. Mzee, kwa macho yake ya sasa, ameona nyumba nyeupe moja akadhani ni ile ile. Huku bandarini nyumba nne ni hatua chache tu, lakini kosa hilo huko nje linakua, likawa mwendo wa kuvunja mabega kwa makasia.

Wewe ungefanya nini? Nikimwambia, nakiri kwamba siri yake ninayo, na mimi ni mwizi wa mwamba. Tena namwambia mzee wa watu kuwa macho yake yamemdanganya, mbele ya mpwa anayeingojea mashua kwa hamu. Nikinyamaza, mimi ni nuksi. Niliuzunguka mji wote nikifikiri, kutoka Ngomeni hadi soko la samaki na kurudi, na watu walionisalimu sikuwajibu.

Alhamisi asubuhi nilirudi dukani nikamwambia Bwana Taibali kwamba nitampakia nyumba yake bure.

"Bure yako ina mkia gani?" akaniuliza.

Nikamwambia mkia ni mmoja tu, kazi ianze leo na kesho imalizike.

Basi ningependa ungeniona. Nilijifunga kamba kiunoni, nikaning'inia kutoka darini na ndoo ya chokaa ubavuni, na chokaa ikaniingia machoni, masikioni na mahali ambapo siwezi kuandika. Chini barazani watu waliacha karata wakawa wananitazama mimi, kila mmoja ni fundi: huku hujapafikia, pale umepakosa. Mkewe Bwana Taibali alifungua dirisha kila baada ya muda kunionyesha palipobaki, lakini kila alipofungua alinipa na bajia, kwa hivyo nikawa napaacha makusudi. Ijumaa nilishuka kwa ajili ya sala tu. Alasiri Saidi akapita, akainua kichwa.

"Naona umepata kazi yako, Faki," akasema. "Hapa samaki hawakukimbii."

Nilicheka mpaka kamba ikatikisika. Yeye hakujua nacheka nini, akaenda zake amekasirika.

Jumamosi alfajiri tukatoka. Ndiyo ingekuwa safari yangu ya mwisho kama tungerudi patupu, na mkate niliofungasha sikuweza kuula. Tulipofika nje tukageuka mashariki kama desturi. Nikasikia nyuma yangu: "Ndoo, mweupe, ndoo..." Saidi akaacha kutafuna tambuu. Mwishowe mzee akasema polepole, "Subhanallah. Mato yangu yaona wawili."

Nilikuwa naogopa, nakwambia kweli. Nilifikiri labda nimeharibu zaidi, nimempa alama mbili asijue ipi ni yake. Akakaa, akakaa, halafu akatuamuru tupige makasia. Tulipiga tukiwa bado tumekaza shingo mashariki, kazi ngumu sana, ujaribu siku moja. Tukaenda, tukaenda, jasho likitutoka. Ndipo nikamsikia akisema kwa sauti ambayo sikupata kuisikia kwake, "Aa. Kumbe uko hapa, bwana. Nami nalikwenda kwa jirani."

Nanga ikashuka, ikashika. Kamba ilitetemeka mkononi mwa Saidi, akageuka kunitazama kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Mshipi wangu haujatua sawasawa, ukavutwa. Chewa, dada, mnene kuliko mto wa kulalia. Wa pili chewa. Saidi akapata kolekole aliyemzungusha mashua nzima, kisha mimi nikapata mkubwa kuliko huyo, na Saidi akaacha mshipi wake akanishika kiuno nisije nikamfuata samaki majini. Tulivua mpaka viganja vikachanika. Mzee akaimba nyimbo za ujana wake, nyingine si za kuandikwa. Tulirudi tumekaa juu ya samaki kwa kuwa mahali pengine pa kukaa hapakuwepo. Saidi alianza kupiga kelele kabla hatujafika ukingoni. Wiki iliyopita nilikuwa "yule Mpemba". Sasa mimi ni "Mpemba wetu".

Watu walipokwisha kutawanyika na vitoweo vyao, nilibaki nikiosha mashua. Nahodha akaja, akanishika mkono, akautazama.

"Chokaa hini ya wapi?"

Nikasema ya nyumba ya Bwana Taibali.

"Nani alokutuma?"

Ningeweza kusema ni mkewe Bwana Taibali. Lakini mkono wangu ulikuwa mkononi mwake. Nikasema, "Sikuona, nahodha. Nilisikia."

Nikaanza kufikiri nitapata wapi chombo cha kunirudisha kwetu. Kisha akasema, "Mwizi wa mwamba huificha alama. Weye umeipaka ikaonekana na mji mzima, ili usinitie haya mimi." Macho yake yakalengalenga, na yangu pia, nasi tukasingizia chumvi. Alipogeuka kwenda zake akasema, "Jumatatu utakaa nyuma pamoja nami. Uitazame bara."

Jumatatu nikakaa nyuma. Niliiona Mombasa yote kutoka baharini, Ngome na ukuta wangu mweupe ukiwaka jua, na mzee akaniinamia sikioni akaninyooshea kidole alama ya pili. Saidi alikuwa mbele, ametazama mashariki bila ya kinyongo. Alimwambia mjomba wake kwamba yeye ni mtu wa kuvuta mshipi, mambo ya nyumba na pembe yanamwumiza kichwa. Nina furaha, dada. Sijui niiandike vipi zaidi ya hivyo. Sijapata kuwa na furaha kama hii tangu nizaliwe.

Kwa hivyo Idi hii sirudi kama nilivyoahidi. Mzee hawezi tena peke yake, na mimi siwezi kumwacha. Mwambie Mama taratibu, baada ya kula, na umbusu mkono kwa niaba yangu. Msalimie mjomba Makame, fundi wa mashua, umwambie ule ufundi wake wa kufunga kamba ndio ulionishikilia nisianguke kutoka darini. Mwalimu wetu wa chuoni mpe salamu za heshima, na Bi Time mkunga mwambie nimepata nguo za kanga alizoniagiza, zinakuja na Mkojani wa kwanza anayerudi.

Shemeji atataka kuijua alama ya pili. Najua, kwa kuwa ndiye anayekusomea barua hii, na hapa amekwisha inua kichwa. Mwambie aendelee kusoma. Dada, wewe ndiye uliyenilea, na tangu nipate akili sijakuficha neno, hata yale ambayo kaka hamwambii dada yake. Hili ndilo la kwanza, na nalificha kwa furaha.

Ni mimi ndugu yako mdogo,
Faki Hamadi,
anayekaa nyuma ya mashua ya Nahodha Shee